Kibali cha kondoo kinalinda mtaji

Inapokaribia Nane Nane, wapo wafugaji wa Temeke na Kinondoni wanaopeleka kondoo na mbuzi kwenye maonyesho Morogoro. Wapo pia wanaolalamika kuwa kibali cha kusafirisha mifugo kinakula muda na fedha. Malalamiko hayo yapimwe kibiashara.

Sotoka ya mbuzi na kondoo ilithibitishwa nchini mwaka 2008. Huambukizwa mnyama akikaa karibu na mwenzake, na dalili huchukua siku kadhaa kujitokeza. Kwa hiyo kondoo aliyekaguliwa leo akapewa kibali aweza kuugua wiki ijayo, na banda la maonyesho hukusanya mifugo ya mikoa mbalimbali.

Kibali ni cha lazima, lakini hakitoshi. Mwenye mali achanje mapema, na mnyama akirudi atengwe wiki mbili au tatu kabla ya kuchanganywa na kundi au kupelekwa mnada wa Pugu. Halmashauri nazo zisicheleweshe kibali baada ya ukaguzi. Kuchelewesha ni kuwafundisha watu njia za panya. Kutenga kondoo mmoja kunagharimu majani na maji tu. Asiyetenga anahatarisha zizi zima.