MTOTO ASIYE NA BIMA ANA HAKI YA CHANJO



Katika jumuiya zetu tumewasikia akina mama waliobaki nyumbani na watoto wao wachanga kwa sababu moja tu: hawana kadi ya bima. Tuliiona hofu hiyo ikiongezeka mwaka 2023, pale usajili wa mtoto mmoja mmoja katika Toto Afya Kadi, uliogharimu shilingi 50,400 kwa mwaka, uliposimamishwa. Baba anayeishi kwa kibarua hujiuliza: ikiwa bima imenishinda, chanjo nitaiweza wapi?

Jibu letu ni wazi. Nchini Tanzania chanjo za kawaida za watoto hutolewa bila malipo, wala bima si sharti. Mpango wa Taifa wa Chanjo ulianza mwaka 1975, miaka mingi kabla ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya. Mtoto huchanjwa dhidi ya kifua kikuu na polio anapozaliwa. Kuanzia wiki ya 6, kisha ya 10 na ya 14, hukingwa dhidi ya dondakoo, pepopunda, kifaduro, homa ya ini na magonjwa mengine. Na katika mwezi wa 9 na wa 18 hupewa chanjo ya surua na rubela.

Hata hivyo, kitu cha bure chaweza kuwa ghali. Mama hutembea saa mbili, au hukopa nauli, kisha huambiwa: "Watoto ni wachache, rudi wiki ijayo." Tunaielewa sababu yake. Chupa moja ya chanjo ya surua hutosha watoto kadhaa, na ikishachanganywa haifai tena baada ya saa 6. Muuguzi huogopa kuipoteza. Lakini tunauliza: kipi kilicho na thamani zaidi, matone yanayomwagwa au mtoto anayerudishwa? Wengine wakirudishwa hawaji tena. Mahali pengine mama hudaiwa fedha ya kadi ya kliniki au ya sindano. Aliye maskini kuliko wote ndiye anayelipa.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaihesabu chanjo kuwa sehemu ya matunzo ambayo mzazi ana wajibu wa kumpatia mtoto. Ikiwa sheria inamdai mzazi, basi haki inawadai pia wahudumu na viongozi wasimwekee kikwazo njiani. Chanjo ni haki ya mtoto, wala si fadhila ya mtu yeyote.

Nasi tusinyoshe kidole kwa serikali peke yake. Zahanati zetu za Kanisa zinazopokea chanjo kutoka serikalini hazina haki ya kuziuza kwa mlango wa nyuma. Halmashauri za Walei ziulize jambo hili bila aibu. Kila Jumuiya Ndogo Ndogo iwajue watoto wake wachanga, itangaze siku ya kliniki, na iwapeleke akina mama kwa pamoja, ili chupa ikifunguliwa isipotee bure. Mama asiye na nauli achangiwe. Anayedaiwa fedha aombe stakabadhi, kisha habari ifikishwe kwa kamati ya afya ya zahanati na kwa serikali ya kijiji.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Tusingoje kuchanga rambirambi kwa mtoto ambaye tungaliweza kumchangia nauli.