Kalemie: Si kila kikohozi ni kifua kikuu

Mjini Kalemie, mtu akikohoa miezi mitatu, majirani wanasema ni kifua kikuu. Mara nyingine ni kweli, na dawa zake zinatolewa bure, miezi sita. Lakini kikohozi chenye damu, kukonda na maumivu ya kifua vinaweza pia kuwa kansa ya mapafu, na kansa haingoji miezi sita ipite.

Katika nchi nyingi za Afrika, wagonjwa wa kansa hiyo wametibiwa kwanza kifua kikuu ambacho hawakuwa nacho. Siku uvimbe unapogunduliwa, familia inauza kila kitu na kutafuta mganga wa kupasua huko Lubumbashi. Ukweli unawafikia umechelewa: kisu kinafaa zaidi uvimbe ukiwa bado mahali pamoja. Ukishafika kwenye ini, mifupa au ubongo, kukata pafu hakumalizi ugonjwa. Zinabaki dawa za kansa na mionzi. Ng'ambo ya ziwa kuna taasisi ya Ocean Road, lakini iko Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 1,200 za reli kutoka Kigoma.

Nani atafika huko? Wahami wa mapigano ya Watwa na Waluba, na wale waliokimbia vita vya Kivu ya Kusini mwaka 2025, wanatafuta unga wa leo. Wanapika kwa kuni ndani ya vibanda, na moshi huo nao unaweza kuleta kansa ya mapafu. Kumwambia mhami "nenda Lubumbashi" ni kumfukuza kwa adabu.

Wengine watasema jimbo ni maskini, kipindupindu na surua vitangulie. Lakini kinachodaiwa si hospitali mpya. Ni makohozi kupimwa, picha ya kifua kupigwa, na mgonjwa asiyeonekana na kifua kikuu kupelekwa mbele mapema, kabla kisu hakijashindwa. Aliyechelewa naye asiachwe: maji yaliyojaa kifuani yatolewe kwa mpira apate kupumua, na apewe morfini ya kunywa maumivu yapungue.

Wakuu wa afya wa jimbo watangaze redioni: picha ya kifua inapigwa wapi, kwa bei gani, na nani anamlipia mhami. Anayekohoa wiki mbili aende apimwe. Asiyepata nafuu kwa dawa aulize bila woga: "Kama si kifua kikuu, ni nini?" Jibu ni haki yake.