Dumu la mafuta ya ndege si la mafuta ya kula

Mfanyabiashara wa mpakani huuliza mambo mawili kuhusu mzigo: bei na ushuru. Kwa mafuta ya haidroliki ya ndege, swali la tatu ni la lazima: nani anayabeba, na amevaa nini?

Wapakiaji wengi huyachukulia kama mafuta mengine ya mashine. Sivyo. Yale ya ndege kubwa za abiria, yenye rangi ya zambarau, hutengenezwa kwa kemikali za fosfeti ili yasishike moto upesi. Kemikali hizo hubabua rangi na kulainisha baadhi ya plastiki na raba. Zikiingia jichoni, maumivu yake ni makali.

Glavu za kitambaa hazisaidii, kwani hunyonya mafuta na kuyagandamiza kwenye ngozi. Zinazofaa ni glavu za kemikali, pamoja na miwani iliyoziba pembeni, aproni isiyopenyeza na buti. Mafuta yakitoa mvuke au yakirushwa kama ukungu, barakoa ya kitambaa haitoshi. Inatakiwa yenye kichujio cha kemikali.

Ajali ikitokea, jicho lisuuzwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika zisizopungua 15, kope zikiwa zimeinuliwa, kisha mgonjwa apelekwe hospitali. Nguo iliyolowa ivuliwe, ngozi ioshwe kwa maji na sabuni, si kwa petroli wala mafuta ya taa. Aliyemeza asitapishwe, awahishwe kwa daktari pamoja na lebo ya dumu.

Hatari kubwa zaidi huanza dumu likishakuwa tupu. Dumu zuri hupata mnunuzi, na mnunuzi wa tatu au wa nne hajui lilibeba nini. Mwaka 1959 huko Meknes, Moroko, wafanyabiashara walichanganya mafuta ya kula na mafuta ya injini za ndege yaliyotoka kambi ya jeshi la anga la Marekani. Watu wapatao 10,000 walipooza. Yale yalikuwa ya injini, si ya haidroliki, lakini sumu yake ilitoka katika ukoo huo huo wa fosfeti. Soko zima lililipia faida ya wachache.

Kwa hiyo dumu hilo lisiuzwe kwa matumizi ya chakula au maji, hata likioshwa mara kumi. Litobolewe, au lirudishwe kwa aliyeliuza.

Wapo watakaosema vifaa vya kinga vinapunguza faida. Lakini kibarua aliyepofuka hana faida ya kugawana, na tajiri wake hakwepi gharama ya matibabu wala lawama. Rahisi ni ghali.

Mamlaka nazo zina deni. Kila kemikali ya aina hii huwa na karatasi ya usalama yenye sehemu 16. Ya 4 ni huduma ya kwanza, ya 8 ni vifaa vya kinga. Mara nyingi imeandikwa kwa Kiingereza, ilhali mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unakitaja Kiswahili kuwa lugha ya mawasiliano ya watu wake. Afisa wa forodha anayedai hati ya ushuru adai pia karatasi hiyo kwa Kiswahili. Hadi hapo, mwenye mzigo aitafsiri mwenyewe sehemu hizo mbili na kuwasomea wapakiaji kabla dumu la kwanza halijashushwa.