Joto la Kadi ya Michoro Baada ya Kubadili Kipoozi
Mwongozo unaweza kueleza vyema ufungaji wa kipoozi kipya, lakini ukapima mafanikio kwa joto la kichakataji cha michoro peke yake, kipimo kinachoweza kumpotosha hata fundi mzoefu. Kwenye kadi hiyohiyo ya michoro kuna pia chipu za kumbukumbu na sakiti za kurekebisha volteji, yaani zile zinazoushusha umeme wa volti 12 hadi takriban volti 1, na zote hupozwa na kipoozi cha kiwandani kupitia pedi laini za kupitisha joto. Fremu kama Kraken G12, inayoshikilia kipoozi cha maji juu ya kichakataji tu, huja na feni ya milimita 92 ya kuzipulizia sehemu hizo, ingawa vipande vidogo vya alumini vya kutawanya joto, vikibandikwa juu yake, husaidia zaidi. Kadi ya RTX 3090 inaweza kuonyesha nyuzi 60 kwenye kichakataji huku ikipunguza kasi kwa sababu kumbukumbu zake za GDDR6X zimekaribia nyuzi 110. Pedi nene kupita kiasi nayo huliinua bamba la kipoozi lisikigandamize kichakataji, na hapo kuongeza pesti ya kupitisha joto ni kazi bure. Unene wa pedi za awali upimwe kabla ya kununua nyingine, na skrubu zikazwe kwa mkingamo, kidogo kidogo.