Kaburi la Kipini na swali la Fumo Liyongo

Kipini, pale Mto Tana unapoingia baharini, wenyeji huonyesha kaburi wanalosema ni la Fumo Liyongo. Jina hilo linajulikana na karibu kila aliyesoma fasihi ya Kiswahili shuleni: shujaa mrefu kupita kiasi, hodari wa upinde na malenga wa kuogopwa, aliyeuawa na mwanawe wa kumzaa kwa sindano ya shaba iliyodungwa kitovuni. Wengi humaliza shule wakiamini kwamba huyu ni mtu wa kubuni, sawa na sungura na fisi wa hadithi za jioni. Magazeti na redio zetu nazo, zikitaka kusimulia mafumbo ya historia, hukimbilia piramidi za Misri, mji wa Atlantis na meli zilizopotea Bermuda. Ninachoshikilia mimi ni kwamba Liyongo alikuwa mtu wa nyama na damu, aliyeishi katika nchi hii iliyo kati ya Garsen, Witu na bahari. Swali la alikuwa nani hasa, na lini, linaweza kupata jibu la maana iwapo litaulizwa kama swali la historia, na likiulizwa mapema.

Tuanze na maandishi. Utendi unaofahamika zaidi uliandikwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, na anayeishia hapo ana haki ya kushuku kwamba mtunzi wa karne ya 20 alijitungia shujaa wake. Lakini mwaka 1870 Edward Steere alikuwa amekwisha kuchapisha kisa cha Liyongo kwa nathari, alichokipata Unguja, mbali kabisa na Lamu. Nyuma zaidi yuko Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, yule yule aliyetunga utenzi wa Al-Inkishafi, aliyeishi karne ya 18 hadi mwanzoni mwa karne ya 19. Yeye alizichukua beti zilizohesabiwa kuwa za Liyongo akazitungia takhmisa, yaani akaongeza mishororo yake mbele ya ile ya asili. Mshairi wa daraja lake hajitaabishi hivyo kwa beti zilizotungwa juzi. Wakati huo tayari zilikuwa za kale na zenye heshima, na zilibeba jina la mtu mmoja. Nyimbo kadhaa za gungu zinazonasibishwa na Liyongo ziliimbwa pia katika ngoma za harusi za pwani, kwa Kiswahili kikongwe kilichowatatiza hata waimbaji wenyewe. Kwa hiyo ushahidi hautoki katika kitabu kimoja. Umetoka kwa watu wa miji mbalimbali na nyakati mbalimbali, na wote wanamtaja bwana yule yule wa Shaka na Ozi, karibu na Kipini.

Kisha kuna nchi yenyewe, na kwangu huu ndio ushahidi wenye uzito zaidi. Katika utendi, maadui wa Liyongo wanamwalika kula kikoa cha makoma: kila siku mmoja apande mti kuwaangushia wenzake, na zamu yake ikifika wamfume mishale akiwa juu. Yeye hakupanda. Alitia mshale upindeni akayaangusha makoma akiwa chini. Mtu yeyote wa Garsen anaujua mkoma, kwa maana umejaa kandokando ya Tana, na anajua urefu wake unavyomweka mpandaji mahali pasipo pa kukimbilia. Wanaokodiwa kumwua msituni ni Wasanye na Wadahalo, wawindaji wa nchi hii hii, na Wadahalo wangalipo, wachache mno, wakiwa na lugha yenye sauti za vidoko ambazo hazisikiki kwingine pwani yetu. Hata hila iliyomtoa Liyongo gerezani ni ya nyumba za hapa. Walinzi walizoea kuila mikate mizuri aliyoletewa mfungwa. Mama yake, baada ya kupata ujumbe uliofichwa ndani ya wimbo aliopewa mjakazi Saada, akaoka mkate wa wishwa wenye tupa ndani, akijua walinzi hawataugusa. Usiku matari na matuazi ya gungu yakahanikiza nje huku tupa ikikata pingu. Aliyeanza kusimulia haya aliujua mkate wa maskini na wa tajiri, na aliijua kelele ya gungu ilivyo kubwa. Hayo ni mambo ya mtu wa mahali maalumu.

Mahali hapo pana magofu. James Kirkman, aliyetangulia kuchimba Gedi, alichimba Ungwana karibu na Kipini katika miaka ya 1950 na kuchapisha matokeo yake mwaka 1966. Alikuta mji wa mawe wenye msikiti mkubwa wa Ijumaa na makaburi ya kujengewa, mji uliostawi kwa karne kadhaa kabla ya kuhamwa. Wareno chini ya Tristão da Cunha waliuteketeza mwaka 1506 mji waliouita Hoja katika pwani hii, na wapo wataalamu wanaoona kwamba Hoja ni Ungwana hiyo hiyo. Palikuwa na miji, palikuwa na watawala, na palikuwa na mali ya kugombewa. Kisa cha Liyongo, cha ndugu wanaogombea kiti na mji jirani unaomwogopa mtu mwenye nguvu kinakaa humo bila kulazimishwa.

Pingamizi la kwanza ni la sindano. Shujaa asiyepenywa na silaha ila mahali pamoja mwilini yuko dunia nzima: Wagiriki walikuwa na Achilles na kisigino chake, Wajerumani wana Siegfried na bega lake. Basi, husemwa, Liyongo naye ni nakala ya kisa kinachosafiri. Nakubali kwamba sindano imesafiri. Lakini kisa kinachosafiri hupenda kutua juu ya mtu aliyekwisha kuwa maarufu. Mfalme Richard wa Tatu wa Uingereza alikufa vitani mwaka 1485, na Shakespeare akamfanya jitu la kutisha lenye kibyongo na mkono uliosinyaa. Mwaka 2012 mifupa yake ilifukuliwa chini ya maegesho ya magari mjini Leicester, ikatambuliwa kwa vinasaba vya wazao wa dada yake. Uti wa mgongo ulikuwa umepinda kweli. Mkono ulikuwa mzima. Hadithi ilikuwa imetia chumvi juu ya mtu halisi, na kazi ya mwanahistoria ikawa kuipambanua chumvi. Hivyo tukiiondoa sindano, na tukiuondoa urefu wa ajabu, bado tunabaki na mtawala malenga aliyefungwa na jamaa zake akatoroka. Hakuna kisichowezekana hapo.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi, nalo ni la tarehe. Utendi unamwoza Liyongo mke wa Kigala, jina la zamani wasilolipenda Waorma wenyewe, na wanahistoria wengi huweka kufika kwao Tana karibu na karne ya 16 au 17. Utendi huo huo unampa sultani wa Pate nguvu ya kuagiza vifo bara, ilhali wapo watafiti wanaomrudisha Liyongo hadi karne ya 12 au 13. Mambo haya hayakai pamoja. Tena hakuna Mreno hata mmoja katika kisa, wala bunduki, ambalo ni jambo la kustaajabisha ikiwa aliishi baada ya Wareno kufika mwaka 1498. Mimi naona jibu rahisi kuliko kumfuta mtu: wasimulizi wa Pate na Lamu walikivisha kisa cha zamani nguo za zama zao, wakimweka jirani wanayemjua na sultani wanayemjua. Ndiyo maana nyimbo, ambazo vina na mizani huzilinda zisibadilike ovyo, zinastahili kuaminiwa kuliko utendi wa 1913. Na ndiyo maana ushahidi wa udongo unahitajika. Mwanaakiolojia Neville Chittick alitilia shaka madai ya tarikh ya Pate, akiona mji ule haukuwa na ukubwa wowote katika karne zinazotajwa. Uchimbaji uliofuata ukafukua tabaka kongwe kuliko alivyodhani. Shanga, kisiwani Pate, Mark Horton alichimba katika miaka ya 1980 akakuta chini ya msikiti wa mawe alama za misikiti midogo ya miti ya karne ya 8. Mabishano yaliyodumu miaka mingi yalisogea kwa sababu mtu alishika kolego.

Yako malalamiko mawili ya wenye nchi, na haya yanagusa zaidi kuliko ya wasomi. La kwanza ni kwamba kaburi la Mwislamu halifukuliwi. Ni kweli, na lisifukuliwe. Mifupa ya kaburi lile haitatuambia jina la mwenyewe bila jamaa wa kulinganisha naye. Kinachohitajika ni kupima na kuchimba makazi yaliyolizunguka, Shaka na Ungwana, na kulipima kaburi kwa juu bila kuligusa. La pili ni kwamba watu waliofurikiwa Garsen mwaka 2018, wakafurikiwa tena 2023 na 2024, na ambao mwaka 2012 walizika jamaa zao katika mapigano ya ardhi na maji, wana haja ya mbegu na zahanati kabla ya malumbano ya wafu. Siwezi kuwaambia wasubiri chakula. Ila maji hayo hayo ndiyo hayatusubiri sisi. Tana ni mto unaohama: katika karne ya 19 ulifuata mfereji wa Belezoni ukaingia Mto Ozi, na mlango wake ukawa Kipini. Bahari nayo inakula ufuo wa Kipini, na maji ya chumvi yamepanda hadi mashamba ya mpunga ya Ozi. Anayejenga ukuta wa kulilinda shamba la mpunga anaweza kulilinda gofu kwa ukuta huo huo, endapo kuna ramani inayomwonyesha gofu liko wapi.

Katiba ya 2010 iliiachia serikali ya kitaifa magofu yenye umuhimu wa kitaifa, na ikazipa kaunti makumbusho. Kwa hiyo hakuna ofisi inayoweza kusema jambo hili si lake. Makumbusho ya Kitaifa na Serikali ya Kaunti ya Tana River zitume wapimaji kuanzia Kipini hadi magofu ya Mwana, wachore kila ukuta na kila kisima kabla ya mafuriko mengine. Wawakusanye wazee wa Kipokomo, Kiorma, Kidahalo na Kibajuni wanaojua majina ya mahali na nyimbo za gungu, wawarekodi kwa lugha zao wenyewe. Wazee hao wanapungua kila mwaka, na nakala za rekodi zikae Garsen, si Nairobi peke yake.