Nani Atasimamisha Winchi?

Kwa miongo mingi kuli wa Tanga, wa Chumbageni na wa mitaa mingineyo, alifanya kazi mbali na nchi kavu. Meli zilitia nanga ghubani na shehena ikaletwa pwani kwa matishari. Kuli alipanda ubavuni mwa meli, kisha akateremka ngamani. Kuchimbwa kwa mlango wa bandari hadi kina cha mita 13, pamoja na ujenzi wa magati yenye urefu wa mita 450, kumeileta meli ukingoni. Kimo cha kuanguka kimebaki kile kile.

Hakuna awezaye kudai kuwa sheria haipo. Mkataba Na. 152 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1979, Tanzania iliuridhia mwaka 1983. Unataka ngazi imara ya kushukia ngamani, na kila tundu la sitaha lenye hatari liwekewe kinga. Hata usalama wa mashua ipelekayo wafanyakazi melini umetajwa. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 nayo inamtwisha mwajiri wajibu wa kulinda uhai wa mfanyakazi.

Lakini kibarua wa zamu moja akikataa kushuka, kesho jina lake haliitwi. Kumhimiza mtu huyo "awe mwangalifu" ni kejeli. Dhamana ya kusimamisha winchi ni ya msimamizi wa zamu, na jina lake liandikwe kabla mfuniko wa ngama haujafunguliwa. Mkaguzi naye aipande ngazi hiyo kabla ya kuli wa kwanza.