Tumbo Halikatwi Ili Gauni Lienee



Sisi tunaoshona magauni ya harusi tunasikia mengi futi kamba ikiwa kiunoni mwa mtu. Karibuni alikuja mwari, nikaha yake miezi minne mbele, akatwambia: "Msinishone kwa kipimo hiki, punguzeni inchi sita. Naenda kukatwa tumbo."

Tukamuuliza, unaumwa nini dada? Haumwi. Sukari hana, presha hana. Mawifi tu wamesema kwenye picha atamficha bwana harusi.

Tukaweka futi kamba chini. Ana kilo 74 na urefu wa mita 1.60. Tukapiga hesabu ile ya BMI kwenye simu: kilo zako, gawa kwa urefu wako uliozidishwa kwa wenyewe. Jibu halikufika 29. Sasa tunasema bila kumung'unya maneno: upasuaji huu haukuwekwa kwa ajili ya mawifi.

Una masharti yake. Mwaka 1991 wataalamu wa Marekani waliweka mpaka: BMI 40 na kuendelea, au 35 kama una maradhi makubwa yanayotokana na unene. Mwaka 2022 vyama vya madaktari wa upasuaji huu vikaushusha: 35 hata bila maradhi, na kuanzia 30 kwa mwenye kisukari cha ukubwani. Kwa urefu wa mwari wetu, 35 ni karibu kilo 90. Yeye hayumo.

Na namba peke yake haitoshi. Utaulizwa umejaribu nini kabla: chakula, mazoezi, dawa. Utapimwa moyo, damu na hata akili yako imetulia vipi. Kama unavuta sigara au shisha, utaambiwa uache. Lazima ukubali vitamini na kupimwa damu maisha yako yote. Mahali wanapokukata bila kukuuliza haya, kimbia! Hao wanataka pesa yako, na ukirudi nyumbani na homa na mshono unaovuja, hawapokei simu.

Wengi hawajui hata kinachofanywa. Katika aina moja inayofanywa sana, kiasi cha asilimia 80 ya mfuko wa chakula hukatwa na kutolewa nje. Sisi tukikosea gauni tunalifumua. Tumbo lililokatwa halifumuliwi.

Tena kuna jambo ambalo mwari hakuwa ameambiwa. Baada ya upasuaji, madaktari wanataka usishike mimba kwa miezi 12 hadi 18, maana mwili unaweza kuwa na upungufu na mtoto akakosa lishe. Jamani, kwetu hapa mwezi wa tatu tu baada ya harusi mtu anaanza kukutazama tumbo! Nani atamjibu mama mkwe? Na mume ameambiwa, au atayajua chumbani?

Lakini ubaya wetu una pande mbili. Huyu asiyestahiki tunamsukuma, na yule anayestahiki tunamzuia. Tunao wateja wenye kilo 110 na 120, wana kisukari, magoti yamekwisha, usingizini pumzi zinakatika. Daktari akimtajia upasuaji, watu wanamwambia anabadilisha maumbile ya Mwenyezi Mungu, asile tu. Nani kasema? Dini yetu imetuamrisha kutafuta dawa, na wanazuoni wanatofautisha kujitibu na kutafuta urembo. Mwili ni amana. Mwenye maradhi akifuata tiba kwa ushauri wa daktari mwaminifu hana la kuonea haya, wala hana haja ya kuaga kuwa anakwenda Dar kutembea. Kama moyo una wasiwasi, amuulize sheikh anayeaminika, na amueleze maradhi yake yote.

Kwa hiyo, mawifi na mama wakwe, mmemposa mtu, hamkununua picha ya ukutani. Kama mnamtakia heri, mpelekeni akapimwe sukari na presha kabla ya nikaha, muende naye na mwanenu apimwe pia. Na wewe mwari, ukitaka kupungua, pungua kwa taratibu yenye afya, kwa nafsi yako, na daktari ajue. Usiingie chumba cha upasuaji kwa ajili ya siku moja ya picha.

Gauni la yule mwari tumelikata kwa kipimo chake cha leo, na akiba ya mshono tumeiacha ndani, akipungua tutabana, akinenepa kwa kheri ya mimba tutaachia. Alipolijaribu alijitazama kwenye kioo muda mrefu, kisha akatuomba tumpige picha.

Allah awape shifaa wagonjwa wetu, azitie baraka ndoa zetu, na azihifadhi ndimi zetu na miili ya wenzetu. Aamin.